Kamba za Oktoba

Oktoba, Punta Arenas, upepo haupigi hodi.
Unang'oa kofia, unageuza mbwa,
unamsukuma karani hadi ubavuni mwa benki
ambamo hana akaunti.
Kwa hiyo manispaa hufunga kamba kwenye pembe za mitaa,
nguzo hadi nguzo,
watu washike, wavuke.

Edelmira Oyarzo hakuwahi kuishika.
Miaka hamsini na mmoja, mabega ya baba yake
aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote:
kamba, alisema, ni ya watalii.

Ukiniuliza siku zake zilivyokuwa:
simu usoni kabla ya maji usoni,
mkate mkono huu, kitasa mkono ule,
masanduku ya kaa wa barafu, akiyahesabu hadi saa mbili usiku,
kisha runinga ikimtazama yeye
akisinzia na viatu.
Mwanawe Nahuel akipiga kutoka Santiago
aliambiwa "nimechoka" kabla hajaamkia.

Januari aliandika maazimio kumi na moja,
akayabandika frijini kwa sumaku ya pengwini.
Kukimbia. Kusoma. Kuacha sukari.
Kumsamehe dada (hili alilipigia mistari miwili).
Kufikia Jumatano ya pili
pengwini alikuwa ameshikilia bili ya gesi.

Lililobaki halikuwamo hata kwenye orodha.
Kuna kinywaji cha huko, majani machungu kibuyuni,
hufyonzwa kwa mrija wa chuma,
nacho wanakiita mate.
Usicheke.
Asubuhi moja umeme ulikatika, simu imekufa,
akaketi dirishani,
mikono miwili, kibuyu kimoja,
akaona kuwa bati la jirani ni la kijani.
Miaka tisa alidhani ni la buluu.

Kesho yake umeme ulikuwapo.
Akaitia simu ndani ya kopo la unga, akafunika,
akaketi tena.

Sitakudanganya kwamba maisha yaligeuka.
Juni, giza linapoingia saa kumi na nusu jioni
na kutoka likitaka, alikosa siku nne.
Ya tano alijitukana.
Ya sita akagundua kujitukana nako ni mazoea,
nako kuna saa zake, nako kuna kiti chake.
Ya saba akachemsha maji.

Kitu kikavuta kitu.
Ukiketi kunywa unaona vumbi,
ukiona vumbi unafuta, siyo nyumba nzima,
kioo kimoja.
Akaanza kula akiwa amekaa.
Akaanza kuvua viatu mlangoni na kusema kwa sauti,
bila mtu wa kumsikia, "Nimefika."
Alhamisi akawa anatoka kazini saa kumi na mbili;
meneja akakunja uso,
uso ukachoka, ukakunjuka wenyewe.
Dada bado hajasamehewa.
Ila jina lake sasa hutajwa mezani,
kati ya chumvi na mkate.

Kwetu husema kawaida ni kama sheria.
Labda. Lakini sheria ina askari,
na pale dirishani hapakuwa na mtu
wa kumkamata.

Oktoba tena.
Pembeni mwa barabara, mkate kwapani,
upepo ulimjia kama deni,
mkono wake ukaenda wenyewe.
Kamba ilikuwa baridi, imelowa, inatetemeka.
Haikuzuia upepo. Haikumbeba.
Mbele yake, mtu asiyemjua ameishika pia,
na kila hatua ya yule mtu
ilimfikia kiganjani.

Kofia ilikwenda zake.
Nyumbani alivua viatu. "Nimefika,"
na safari hii kitu kikajibu:
kopo la unga likiita, likiita, likitikisika rafuni.
Akafunua. Nahuel.
Akaiweka simu sikioni, nyeupe pe,
unga ukimwagika begani,
akavuta kiti.
"Nimekaa," akamwambia. "Sema."